Msichana Mchawi katika Hadithi za Vijana: Historia ya Neno na Hatari Yake

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mavazi na mapishi peke yake. Hukaa pia katika majina tunayoitana, maana jina ni kama nguo: mwenye kuvishwa hana budi kutembea nalo mbele za watu. Yako majina ya heshima yamwinuayo mtu, na yako majina ambayo mtu akivishwa jioni, huenda asiione asubuhi. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia jina moja la namna hiyo, yaani "mchawi", na safari yake ya ajabu katika hadithi za vijana za ulimwengu wa sasa.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo dogo la nyumbani. Miezi michache iliyopita alitujia mpwa wetu, msichana wa kidato cha tatu, na daftari lake alilolijaza kwa mkono. Ndani yake ameanza kutunga hadithi ya msichana wa miaka 15, mkaazi wa Dar es Salaam, apandaye daladala kila asubuhi kwenda shule kama wenzake, ambaye siku moja hugundua kwamba amerithi kutoka kwa bibi yake mzaa mama uwezo usio wa kawaida.

"Mjomba," akasema baada ya kuamkia na kukaa, "hadithi naiona, lakini jina silipati. Huyu msichana nimwite nani? Katika vitabu vya Kiingereza wanamwita jina ambalo kamusi inasema ni mchawi. Mama ameniambia kuwa nikimwita mchawi, daftari hili lisilale nyumbani mwake."

Tulicheka. Kisha tulipolitafakari swali lake tuliacha kucheka, tukamwomba atupe muda. Makala haya ndiyo jibu letu kwake, na kwa vijana wengine ambao hapana shaka wanalo swali hilo hilo.

Maana ya Maneno

Kwanza yafaa tuyatazame maneno yetu wenyewe. Kiswahili hakikosi msamiati katika jambo hili. Pengine kinao mwingi kupita kiasi. Mchawi ni mtu adhuruye wenzake kwa nguvu za siri, na tendo lake ni kuroga. Mlozi ni huyo huyo kwa jina jingine. Mwanga ni yule ambaye kazi yake ni ya usiku, na hakuna azungukaye kuwanga mchana. Mganga ni mwingine kabisa: kazi yake ni kuponya, kuagua na kumkinga mtu kwa hirizi, kago au zindiko, na mpiga ramli ni mwenye kuambia watu yaliyofichika. Walakini mpaka kati ya hawa si ukuta wa mawe. Mganga huyo huyo asifiwaye na jirani mmoja huweza kunong'onwa na jirani wa pili kuwa ni mchawi, hasa mgonjwa asipopona.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika maneno haya yote, mchawi hana wema. Hatujapata kusikia mzazi wa Kiswahili akimsifu mwanawe kwa kusema ni mchawi mzuri. Hata methali isemayo "mchawi mpe mwana akulelee" haimsifu mchawi. Yamtega tu, ili mtoto akidhurika ajulikane mwenye kosa.

Waingereza nao zamani walikuwa hivyo hivyo. Neno lao walilitumia zaidi kwa wanawake, na lilikuwa neno la kifo. Wao humrusha mchawi wao angani juu ya ufagio. Sisi humrusha wetu juu ya ungo. Msomaji na aone kwamba vyombo vyote viwili ni vya kazi za mwanamke jikoni na uani. Mataifa mawili yaliyo mbali namna hii, yasiyoshauriana, yaliangukia kumwogopa mtu yule yule: mwanamke, aghalabu mzee, aghalabu maskini, aliyeshika chombo chake cha kazi. Swali basi ni hili: ilikuwaje mtu huyo aliyeogopwa akageuka kuwa msichana apendwaye na wasomaji wa dunia nzima?

Wasichana wa Salem

Historia hii hatuwezi kuianzia vitabuni, sharti tuianzie mahakamani. Huko Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, wanahistoria wengi wanakadiria kwamba watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa kwa hukumu ya uchawi, na walio wengi miongoni mwao walikuwa wanawake. Lakini kesi iliyoacha alama kubwa kuliko zote katika hadithi za vijana ilitokea ng'ambo ya bahari, katika kijiji cha Salem, koloni la Massachusetts, mwaka 1692.

Ilianza nyumbani kwa kasisi wa kijiji, Samuel Parris. Binti yake Betty, mwenye miaka 9, na mpwa wake Abigail Williams, mwenye miaka 11, walishikwa na mitetemo, wakawa wakipiga makelele na kujikunja. Tabibu aliitwa, asione ugonjwa aujuao, akasema ni mkono wa shetani. Wasichana wakabanwa wataje ni nani awasumbuaye. Mwishoni mwa Februari walitaja wanawake watatu: Tituba, mtumwa wa nyumba ya kasisi; Sarah Good, aliyekuwa fukara akiomba chakula nyumba kwa nyumba; na Sarah Osborne, aliyekuwa mgonjwa na asiyeonekana kanisani. Hebu tuutazame uteuzi huo. Mtumwa, ombaomba na mgonjwa. Hakutajwa mke wa tajiri. Matajiri walitajwa baadaye, moto ulipokwisha kuwa mkubwa hata hauchagui tena.

Wasichana wengine waliingia katika kundi la washitaki, miongoni mwao Ann Putnam wa miaka 12. Watu zaidi ya 150 walishitakiwa. Mahakama maalumu iliyoundwa mwezi Mei ilikubali ushahidi wa mzuka, yaani msichana aliweza kusema kwamba ameiona sura ya fulani ikimsonga usiku, na neno hilo likahesabiwa kuwa ushahidi ijapokuwa fulani huyo alikuwa amelala kwake na nduguze wakimwona. Watu 19 walinyongwa. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashitaka, alikandamizwa kwa mawe hadi akafa. Wengine walifia kifungoni. Binti mdogo wa Sarah Good, mtoto wa miaka minne au mitano, naye alitiwa gerezani. Walioungama kuwa ni wachawi, kama Tituba, hawakunyongwa. Walionyongwa ni wale waliokataa kusema uwongo. Mwezi Oktoba gavana aliivunja mahakama hiyo.

Mwaka 1706, miaka 14 baadaye, Ann Putnam, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na wazazi wake wote wawili wamekwisha kufariki, alisimama kanisani huku maungamo yake yakisomwa mbele ya watu wote. Alikiri kwamba aliwasingizia watu wasio na hatia, akaomba msamaha kwa jamaa za waliokufa. Katika kundi lile lote la wasichana, yeye ndiye aliyejulikana kuungama hadharani namna hiyo. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Kuondoka kwa Hofu

Sheria ndiyo iliyomfungulia mchawi wa Kiingereza mlango wa kuingia katika hadithi za watoto. Mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilifuta kosa la uchawi. Tangu hapo aliyeadhibiwa si mchawi, bali ni yule ajidaiye kuwa na nguvu hizo ili kuwahadaa watu. Sheria hiyo nayo ilifutwa mwaka 1951. Baina ya miaka hiyo vilipita vizazi vingi, na hofu ikapoa pole pole kama jiko lililoachwa bila kuni. Mtu hamfanyii mzaha simba aliye nje ya mlango; humfanyia mzaha simba wa picha. Uingereza na Marekani ziliweza kumcheza mchawi kwa kuwa huko hakuna tena jirani aliyechomewa nyumba kwa jina hilo.

Hata hivyo, hadithi ya kwanza tunayopenda kuitaja bado ilikuwa na kumbukumbu ya hofu hiyo. Mwaka 1958 Elizabeth George Speare wa Marekani alitoa riwaya ya vijana iitwayo *The Witch of Blackbird Pond*, iliyopata nishani ya Newbery mwaka uliofuata. Msichana Kit Tyler, mwenye miaka 16, anatoka kisiwa cha Barbados mwaka 1687 kwenda kuishi kwa jamaa zake katika koloni la Connecticut. Huko anafanya urafiki na mwanamke mzee aishiye peke yake kando ya ziwa, ambaye kijiji kinamwita mchawi kwa sababu dini yake si yao. Maradhi yanapoingia kijijini, watu wanamwendea yule mzee, na kisha wanamgeukia msichana. Hakuna uchawi wowote katika kitabu hicho. Kuna jina tu, na watu walio tayari kuua kwa ajili ya jina. Kwa maoni yetu, kijana wa Kiafrika akisoma kitabu kimoja tu kati ya vyote tutakavyovitaja, na kiwe hicho.

Baada ya hapo mchawi alibadilika sura haraka. Mwaka 1962, katika vitabu vya katuni vya Marekani, alizaliwa Sabrina, msichana wa shule ya sekondari ambaye ni mchawi na ambaye shida zake ni mitihani, marafiki na wavulana. Alipendwa hata akaendelea kuonyeshwa katika televisheni kwa miongo mingi, kuanzia mwaka 1996 hadi 2003, na tena kwa sura ya kutisha zaidi kuanzia mwaka 2018. Mwaka 1974 Jill Murphy wa Uingereza, ambaye alianza kuitunga hadithi yake akiwa bado msichana wa shule, alitoa *The Worst Witch*, habari za shule ya bweni ya wachawi na mwanafunzi mmoja aharibuye kila dawa aichanganyayo. Mtoto yeyote aliyewahi kushika mkia darasani anamtambua mara moja.

Mwaka 1983 Diane Duane alimwingiza kijana mwenye nguvu za siri katika mitaa ya jiji. Katika riwaya yake, msichana wa miaka 13 anayeonewa shuleni anajificha maktaba na kukuta kitabu cha kufundishia uganga kimepangwa rafuni kama vitabu vingine. Vita vyake vinapiganwa baina ya magari na majumba marefu ya New York. Hilo lilikuwa jambo jipya. Zamani nguvu za siri zilikuwa za msituni na za kasri. Sasa zikawa za kituo cha basi.

Huko Japani, mwaka 1985, Kadono Eiko alitunga habari za Kiki, mchawi wa miaka 13, ambaye kwa desturi ya ukoo wake sharti aondoke kwao akaishi mwaka mzima peke yake katika mji mgeni na kujipatia riziki. Kiki anajua jambo moja tu, kuruka kwa ufagio. Basi anafungua kazi ya kupeleka mizigo. Miyazaki Hayao aliifanya hadithi hiyo filamu mwaka 1989, na mwaka 2018 Kadono akapewa tuzo ya Hans Christian Andersen. Sisi tuliolelewa katika nchi iliyohubiri kwamba kazi ni uhai wa mtu tunampenda sana mchawi huyu. Yeye haombi wala haibi; anapeleka vifurushi vya watu, na uwezo wake ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo.

Kisha ikaja miaka ya 1990, na mafuriko yakaanza. Filamu ya *The Craft* ya mwaka 1996 iliwaonyesha wasichana wanne wa shule moja ya Los Angeles, mmoja wao mweusi anayedhihakiwa na mwenzake mweupe kwa ajili ya nywele zake. Wanapata nguvu, wanalipiza, na mwisho nguvu zinawala wenyewe. Mwaka uliofuata, 1997, kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilitoka London, na mfululizo huo ukauza nakala zaidi ya milioni 500 duniani. Tangu hapo hakuna duka kubwa la vitabu huko lisilo na rafu ya vijana wachawi wa mjini.

Kwa nini vijana huvipenda vitabu hivi? Hatudhani ni kwa kuupenda uchawi. Msichana wa miaka 14 au 15 huamka kila siku katika mwili unaobadilika bila ruhusa yake. Wakubwa wanamwambia nyamaza, wadogo wanamwambia tuongoze, na yeye mwenyewe hajui ana nguvu gani. Hadithi inamwambia: unayo nguvu, ni yako, nayo inaweza kuponya au kuua, jifunze kuitumia. Wazee wetu walilisema jambo hilo hilo katika unyago na jando. Walimtenga kijana, wakamfundisha siri, wakampa jina jipya, wakamrudisha kijijini akiwa mtu mwenye dhamana. Mwandishi wa mjini asiyekuwa na unyago amejitungia wake kwa karatasi.

Upande Wetu

Sasa na turudi nyumbani, maana hapa ndipo mashaka ya dada yetu, mama wa yule binti, yanapopata uzito.

Hapa kwetu jiko halijapoa. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, na sheria hizo, pamoja na marekebisho yake, zilirithiwa baada ya uhuru. Wengi hudhani zinamhusu mchawi tu. Lakini zinamhusu pia mwenye kumwita mwenzake mchawi bila kufuata njia iliyowekwa. Kwa hiyo hata sheria ilijua kwamba jina lenyewe ni silaha.

Vijana wetu nao wana historia yao katika jambo hili. Mapema katika miaka ya 1930 lilizuka kundi la wasaka wachawi lililojulikana kama Mchape, likaenea Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na kusini-magharibi mwa Tanganyika. Audrey Richards, aliyewaona huko Ubemba mwaka 1934, aliandika kwamba walikuwa vijana waliovaa nguo za Kizungu. Waliwapanga wanakijiji mstarini, wakatazama sura zao zikipita katika kioo kidogo, na kioo ndicho kilichosema nani ni mchawi. Miaka ya 1963 na 1964 kundi kama hilo, liitwalo Kamchape, lilipita tena Ufipa, na mtaalamu aliyelichunguza aliona humo vijana wakiwainukia wazee wao. Na tulinganishe: Salem wasichana na mizuka yao, Ufipa vijana na dawa zao. Pote kijana asiye na sauti alipata sauti kubwa ghafla, na sauti hiyo akaitumia kumtaja mzee.

Hapa hatuna budi kusema jambo letu wenyewe. Tulikuwa na miaka tisa au kumi, katika kijiji kimoja cha kanda ya ziwa. Alikuwako bibi mmoja mjane aliyetupikia vitumbua na kutuuzia kwa senti, na mara nyingine kutupa bure. Macho yake yalikuwa mekundu. Leo tunajua sababu: alipika miaka yote katika kibanda kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa kuwa miti ilikuwa imekwisha. Mwaka mmoja watoto wawili wa jirani walikufa kwa homa. Mtu mmoja akanong'ona. Sisi watoto hatukunong'ona, sisi tuliimba. Tulitunga wimbo wa kumzomea, tukawa tunauimba kila apitapo kwenda kisimani, na aliyepata mistari mizuri zaidi katika wimbo ule ndiye huyu aliyekuja kuitwa mshairi. Usiku mmoja bibi yule aliondoka na bahasha ya nguo kichwani. Kibanda chake kilichomwa siku ya pili. Tulisikia baadaye kwamba alifia kwa mtoto wa ndugu yake, mbali. Hatukumwomba msamaha. Ann Putnam alingoja miaka 14. Sisi tumengoja zaidi ya miaka 40, na tunaowaomba ni wasomaji, kwa kuwa yeye hayupo.

Bibi huyo alibahatika, kama neno hilo lafaa. Wako wengi, hasa huko Usukumani, waliokatwa kwa mapanga usiku kwa sababu ya macho mekundu, shamba la urithi au ng'ombe aliyekufa. Na tangu katikati ya miaka ya 2000 dunia ilisikia kwa fedheha yetu kwamba watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa nchini kwa kisingizio cha kutafuta utajiri wa haraka. Mwaka 2008 Rais alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, iwe ishara kwamba hawa ni wananchi kamili. Mwezi Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya mauaji na mateso yatokanayo na tuhuma za uchawi na mashambulizi ya kafara. Maazimio ni mema. Lakini wimbo wa watoto hautungwi Geneva, wala hauzimwi huko.

Msichana wa Aba

Je, basi tumwambie mpwa wetu afunge daftari? Tulipofika hapo tulikumbuka kazi ya Nnedi Okorafor, mwandishi aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinaijeria. Mwaka 2011 alitoa riwaya ya vijana, *Akata Witch*. Mhusika wake, Sunny, ana miaka 12, amezaliwa New York na sasa anaishi Aba, Nijeria. Ana ualbino. Anapenda mpira wa miguu, lakini jua linamchoma, kwa hiyo hucheza usiku. Anagundua kwamba yeye ni miongoni mwa watu wenye uwezo wa siri, na pamoja na wenzake watatu anatumwa kumkabili mtu anayeteka na kuua watoto kwa ajili ya mambo ya kafara. Katika ulimwengu wao, mtu ajifunzapo jambo, fedha hudondoka kutoka hewani: elimu yenyewe ndiyo utajiri.

Na tulione alilolifanya mwandishi huyu. Mtoto mwenye ualbino, ambaye katika nchi zetu amewindwa kama kiungo cha dawa, hapa ndiye mwenye nguvu. Na mwuaji wa watoto ndiye anayepaswa kushindwa. Hakuupamba ukatili wa kafara wala hakuuficha. Ameugeuza mkuki uelekee ulikostahili kuelekea.

Lakini lipo jambo la pili, ambalo kwa swali letu ni kubwa zaidi. Kitabu hicho kilipotolewa kwa wasomaji wa Nijeria na Uingereza, mwaka 2013, jina lake lilibadilishwa, likawa *What Sunny Saw in the Flames*. Neno la uchawi likaondoka jaladani. Kwa Marekani, ambako jiko limepoa, neno lile lilivutia. Mahali jiko lingali na makaa, hata jalada la kitabu cha watoto lilihitaji kushikwa kwa kitambaa.

Neno Gani Basi?

Fasihi yetu ya Kiswahili si ngeni katika jambo hili. Wachawi watatu wa Shakespeare walikuja kwetu mwaka 1968, S. S. Mushi alipotoa *Makbeth*. Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* wa mwaka 1960, alituonyesha Bwana Msa akiitumia akili mahali ambapo wengine waliona mizimu. Na mwaka 1977 C. G. Mung'ong'o alitoa *Mirathi ya Hatari*, ambamo kijana msomi anaachiwa na baba yake urithi wa uchawi, na urithi huo ni kama jina la kitabu lisemavyo. Kwa hiyo mpwa wetu, ajapodhani kwamba ameigiza Wazungu, anatembea katika njia iliyokwisha kupitwa na wazee wake. Kilicho kipya kwake ni kwamba mrithi ni msichana, na kwamba anataka urithi huo uwe wa kheri.

Tulimshauri mambo matatu. La kwanza, asimwite msichana wake mchawi kwa kinywa chake yeye mwandishi. Neno la Kiingereza lilikwisha kufuliwa na miaka mia mbili na zaidi. Letu bado lina damu, na damu haiondoki kwa kuwa mwandishi hakuiona. La pili, neno hilo na liwemo ndani ya hadithi, lakini liwe kinywani mwa wale wanaomzomea, ili msomaji asikie jinsi linavyouma likitamkwa. La tatu, amtafutie msichana wake jina kutoka ndani ya lugha. Anaweza kuwa mwaguzi, anaweza kuwa mrithi, anaweza kuwa mganga, maana uganga ni kazi ya kuponya.

Yeye akatushinda. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, je, nikimwita Mwanga? Wabaya wake watasema ni mwanga wa usiku. Na bibi yake alipompa jina hilo alikusudia mwanga wa taa."

Hapo mshairi alifurahi na mtumishi wa serikali akaingiwa na wasiwasi, na wote wawili ni sisi. Lakini binti amesema kweli. Neno ni moja, herufi ni zile zile, na tofauti iko katika moyo wa amwitaye mwenziwe.

Tumalizie na Salem, tulikoanzia. Mmoja wa waliohukumiwa mwaka 1693, katika kesi zilizofuatia, alikuwa Elizabeth Johnson, mwanamke kijana wa Andover. Aliokoka kunyongwa, lakini jina lake halikusafishwa wenzake waliposafishwa, na hakuwa na mtoto wa kumdai haki. Alibaki mchawi katika vitabu vya sheria kwa zaidi ya miaka 300. Waliomtoa ni wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover, watoto wa miaka 13 na 14, ambao pamoja na mwalimu wao walipekua kumbukumbu, wakawaandikia wabunge, hata mwaka 2022 Massachusetts ikalifuta kosa lake. Watoto ndio waliowatia watu kamba kwa kuwataja. Watoto ndio waliomfungua wa mwisho. Nasi tunawaachia vijana wetu ubeti mmoja, badala ya ule wimbo wa zamani:

Neno hukata shingoni, bila ya mtu kuona,
Hutoka mwetu vinywani, likawatia laana,
Bibi akiwa jikoni, moshi machoni wabana,
Msimwite jina hilo, kwa wekundu wa machoye.